Mteja Aliyenisuka Nywele

Mwaka nilipopewa chumba cha ushauri nasaha nilikuwa na miaka ishirini na saba, nesi mwenye sare mbili nyeupe na baiskeli moja, na uchumba wangu ulikuwa umevunjika miezi michache kabla. Huo uchumba nautaja mapema kwa sababu una sehemu yake katika kosa nililolifanya baadaye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kituo chetu kilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na veranda, hatua chache kutoka barabara kuu ya Ifakara. Asubuhi ukifungua dirisha ulisikia mashine za kukoboa mpunga zikianza kunguruma moja baada ya nyingine, na harufu ya pumba iliingia mpaka kwenye mafaili. Msimu wa mavuno vumbi la pumba lilitua juu ya meza yangu. Nililifuta saa mbili, saa nne limerudi. Nimekaa miji mingine tangu hapo, na bado nikipita karibu na mashine ya mpunga napunguza mwendo.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha metroni, mama wa Kipogoro kutoka Mahenge, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya mji kabla ya kuletwa kwetu. Cha pili kilikuwa changu. Cha tatu kilikuwa cha mwenzetu wa kiume, kijana wa Mang'ula aliyerudi kwao kila Ijumaa kwa treni na Jumatatu akatuletea ndizi na habari za tembo walioshuka mashambani. Nje palikuwa na benchi refu, na juu ya benchi hilo ndipo shida ya kazi yetu ilipoanzia, kwa sababu benchi lilionekana barabarani.

Watu waliotoka kupimwa damu walitumwa kwetu kupokea majibu. Basi mji ukaamua kwamba yeyote aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa amekanyaga waya, kama walivyosema siku zile wakikwepa kuutaja ule ugonjwa kwa jina lake. Haikuwa kweli. Walikuja waliofiwa, walikuja wake waliopigwa, walikuja watu ambao usingizi umewakimbia na hawajui kwa nini. Lakini benchi lilikuwa moja, na mpita njia hakujua nani amekuja kwa lipi.

Metroni alitupa masharti siku ya kwanza. Tusipokee zawadi. Tusiende nyumbani kwa mteja. Tusiongee naye mambo yetu. Na tukikutana naye sokoni, tusimsalimie mpaka aanze yeye, ili aliye naye asiulize mmejuana wapi. Neno "mteja" lenyewe lilinichekesha. Mama yangu aliposikia nasema nina wateja alidhani nimeanza kuuza vitenge.

Lile sharti la salamu lilitushinda mapema. Nilikuwa na mteja mzee, mvuvi na mkulima wa Mofu. Alichokuja kuzungumza sitakisema hata leo. Siku moja nilipishana naye sokoni karibu na meza za samaki. Nikakumbuka sharti, nikatazama pembeni, nikapita. Wiki iliyofuata hakuingia chumbani kwangu. Alinyoosha moja kwa moja kwa metroni, na sauti yake ilisikika vyumba vyote vitatu.

"Huyu mtoto mmemfundisha nini hapa? Ananikuta uso kwa uso, hanipi hata shikamoo! Nimemkosea nini?"

Metroni alimtuliza, akanileta mbele yake, nikatoa shikamoo yangu nikipiga magoti kidogo, mzee akaitika marahaba huku bado amenuna. Alipoondoka metroni alivua miwani akacheka hadi machozi.

"Hilo sharti wamelitunga watu wasiosalimiana," alisema. "Sisi tutasalimia kila mtu kama tulivyolelewa. Salamu tu. Usimuulize anaendeleaje, usisimame, usimkumbushe. Ukishaitikiwa, endelea na safari."

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kwamba masharti yale yalihitaji akili. Na nadhani hapo ndipo nilipojidanganya. Nilidhani kama moja linaweza kulegezwa, basi hata mimi mwenyewe naweza kuchagua lipi lilegezwe na lini, bila kumuuliza mtu.

Sasa nieleze habari za huyo mteja mwingine. Nimemsomea kurasa hizi na amenikubalia nizitoe, isipokuwa mahali pawili ambapo aliniambia, "Hapo acha," nami nimeacha.

Alikuwa msusi wa mtaa wa Mlabani, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja au miwili. Alizaliwa kwenye mashamba ya miwa huko juu, ambako wazazi wake walihamia kutafuta kazi, baba kutoka mkoa mmoja na mama kutoka mwingine, kwa hiyo nyumbani kwao walizungumza Kiswahili tu. Aliolewa Ifakara. Msimu mmoja wa mpunga alihamia shambani bondeni, kama wengi wanavyofanya, akikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kufukuza ndege wasimalize mavuno. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mtoto akashikwa na homa. Maji yalikuwa yamefunga njia, na alipofika mjini amembeba mgongoni, mtoto alikuwa ameshatulia. Hiyo ndiyo lugha yake mwenyewe: ameshatulia. Mume akasema kosa ni la mama, akarudi kwao.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa hapati usingizi. Alikaa kwenye kiti akiwa ameshika kitana chake cha kusukia, akakikunja karibu kukivunja. Alikuwa akiniita "sista," kama watu wote wanavyowaita manesi, na kwa majuma mengi kazi yangu ilikuwa kukaa, kusikiliza, na kutokimbilia kumwambia kwamba si kosa lake. Alikuja kila Jumatano saa nne. Polepole akaanza kula. Polepole akaanza kulala. Siku moja akanisimulia kitu alichokifanya mtoto wake, jinsi alivyomfukuza bata akaanguka ndani ya beseni la nguo, na tukacheka wote wawili, kisha akalia, kisha akasema anajisikia mwepesi. Nilirudi nyumbani siku ile nikiendesha baiskeli kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jumatano moja, akiwa mlangoni anaondoka, aligeuka akanitazama kichwa.

"Sista, usinifikirie vibaya. Nywele zako zimechoka."

Zilikuwa zimechoka kweli. Tangu uchumba uvunjike nilikuwa nazifunga kitambaa tu.

"Njoo Jumamosi nikusuke hata twende kilioni," alisema, akimaanisha ile misuko ya haraka inayolala nyuma. "Nami nifanye kitu kwa ajili yako."

Nilijua jibu lililotakiwa. Nilikaa nalo mdomoni tangu Jumatano hadi Jumamosi, na Jumamosi asubuhi nikapanda baiskeli kwenda Mlabani.

Sitaki kusema uongo kwamba sikufurahi. Ile veranda yake naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizokaa. Alikaa kwenye kigoda, mimi chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake, redio ndani inaimba, majirani wanapita na madumu ya maji wakitusalimia. Mikono yake ilikuwa myepesi. Hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kichwa kwa upole namna ile tangu nikiwa mdogo. Milima ya Udzungwa ilionekana kwa mbali ikiwa na kofia zake za mawingu, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Nilirudi baada ya majuma mawili. Kisha tena. Alianza kuniita "dada." Na katikati ya magoti yake, macho yangu yakitazama barabara, nilianza kusema. Nilimsimulia yule mchumba, barua zake, jinsi nilivyosikia habari za harusi yake kutoka kwa kondakta wa basi. Nililia pale mkekani. Aliacha kusuka, akanipangusa uso kwa upande wa khanga yake, akasema, "Pole, dada. Yataisha." Lilikuwa neno zuri, na lilisemwa na mtu aliyekuwa mgonjwa wangu.

Jumatano iliyofuata hakuja kituoni. Iliyofuata pia hakuja. Nilijiambia amepona.

Na ni kwenye veranda ile ile mdogo wangu wa kiume alipomwona. Tulikuwa tunaishi watatu, mama, yeye na mimi, na ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja. Yeye alikuwa fundi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa maneno machache, mwenye pumba kwenye nyusi kila saa. Jumamosi moja mama alikuwa shambani, mdogo wangu akanifuata Mlabani kuchukua ufunguo. Alisimama barabarani, akapokea ufunguo, akaambiwa na msusi, "Karibu, shemeji, ukae." Alikaa mpaka nikamaliza kusukwa. Mimi nilicheka moyoni, nikaona ni utani wa vijana.

Miezi michache baadaye, jioni moja tukila, alimwambia mama kwamba amepata mtu na anataka tupeleke posa. Mama akafurahi. Akauliza ni nani. Aliposema, mama aliweka tonge chini.

"Yule msusi? Si nimemwona kwenye benchi la kwenu?" Alikuwa ameshanigeukia mimi. "Si yule anayeingia chumbani kwako?"

Nilimega tonge.

"Nakuuliza. Anaumwa?"

"Mama, sizungumzi habari za watu wanaokuja kazini."

"Huyu si mtu wa kazini. Huyu anataka kuolewa na mwanangu, ndugu yako wa tumbo moja. Anaumwa au haumwi?"

Nilinyamaza, na nilivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyoona uso wa mama unavyobadilika. Alikuwa anasoma ukimya wangu kama majibu. Mdogo wangu alinitazama mara moja, akasimama, akatoka na chakula amekiacha.

Ilitosha neno moja tu. Ningesema, "Hakuja kwa ugonjwa, alifiwa na mtoto," na kila kitu kingetulia palepale juu ya sinia. Lakini msiba ule aliuweka mikononi mwangu ndani ya chumba kilichofungwa mlango, na pale nyumbani hakuna aliyejua kwamba aliwahi hata kuzaa. Mdogo wangu pia hakujua. Haikuwa yangu kuisema.

Siku mbili baadaye mdogo wangu aliniita mashineni kwao. Kelele ilikuwa kubwa, tukatoka nje upande wa kivulini ambako magunia yalipangwa.

"Dada, sitaki useme kitu," alisema. "Masharti yenu nayajua. Tikisa kichwa tu. Kama ni kweli, shusha kichwa. Kama si kweli, kipeleke huku na huku. Hakuna neno litakalotoka mdomoni mwako."

Nilikaza shingo mpaka ikauma. Niliogopa hata kupepesa macho.

"Muulize mwenyewe," nilisema.

"Kumbe ni kweli."

"Sijasema ni kweli. Sijasema si kweli. Nimesema umuulize."

"Mimi ni ndugu yako!" Alipiga gunia ngumi, vumbi likapanda. "Nikifa utakwenda kuwaambia nini, kwamba ulikuwa kazini?"

Akarudi ndani. Kuanzia siku ile nikiingia yeye alitoka. Nikikaa kula, yeye alishiba ghafla.

Jumatatu nilikwenda kwa metroni kabla hata sijavua kitambaa cha kujikinga na vumbi la njiani. Nilimweleza yote, tangu siku ya twende kilioni. Nilitegemea anifokee. Alinisikiliza huku akikunja na kukunjua kamba ya miwani.

"Hizo Jumamosi," aliniuliza mwishoni, "mteja alikuwa nani?"

Nilianza kukivua kile kitambaa.

"Sikuulizi ili nikufunge kamba. Nataka ujisikie mwenyewe ukijibu."

"Mimi," nilisema.

"Haya." Akaiachia kamba ya miwani. "Ulikuwa na upweke. Si dhambi. Lakini ungekuja kwangu, au ungekwenda kwa shangazi zako, au kwa mchungaji. Yeye alikuja kwako ameshika msiba wake kwa mikono miwili. Ukampa na wa kwako aushike kwa mkono upi?"

Nililia. Akanisubiri.

"Nimwambie mama tu kwamba hakuja kwa ule ugonjwa?" niliomba. "Neno moja, metroni. Tena la heri."

"Ukisema huyu hana, kesho utaulizwa wa pili, naye utasema hana. Siku utakapoulizwa wa tatu ukanyamaza, utakuwa umeshasema. Mji mzima utajua kusoma mdomo wako." Akavaa miwani. "Mwite. Hapa, chumbani, saa za kazi. Mwambie ulipokosea. Mwambie huwezi tena kuwa mshauri wake, kwa sababu umekuwa shoga yake na unaelekea kuwa wifi yake. Akitaka kuendelea, nitampokea mimi. Na umweleze kwamba kwenu kuna maneno, asije akayakuta njiani. Mengine ni yake."

Nilimtumia ujumbe kwa jirani kwamba namwomba aje Jumatano saa nne. Alikuja amevaa gauni jipya la kitenge, anatabasamu, nadhani akifikiri nataka kuzungumza mambo ya posa. Nilifunga mlango. Nilianza vibaya, nikarudia, mwishowe nikasema kama nilivyoambiwa: kwamba nilikosea kwenda kwake, kwamba sitaweza tena kumsikiliza kama mwanzo, kwamba kuna metroni.

Tabasamu lilikwisha taratibu.

"Kwa hiyo umenichoka."

"Sijakuchoka. Nimekukosea."

"Umenikosea nini? Kunitembelea? Kuniona mtu kama watu wengine, hilo ndilo kosa?" Sauti ilipanda. "Wengine wote walininyooshea kidole. Wewe ulikaa mkekani kwangu. Leo unaniambia ile ilikuwa makosa?"

Kisha nikakumbuka kitu.

"Ile Jumamosi nilipokusimulia habari za mchumba wangu, Jumatano yake hukuja. Na nyingine hukuja. Ilikuwaje?"

Alitazama mikono yake.

"Nilikuona umechoka," alisema. "Niliona una yako. Sikutaka kukuongezea."

"Ulikuwa unalala siku hizo?"

Akatikisa kichwa.

"Basi hilo ndilo nililokukosea," nilisema.

Alilia kwa hasira, akafuta machozi kwa hasira. Ndipo nikamwambia la pili, kwamba mama alimwona kwenye benchi, na anachofikiri, na kwamba nimekataa kusema lolote, la ndiyo wala la hapana. Alinikazia macho.

"Ungeweza kuniondolea aibu hiyo kwa neno moja, na hukusema?"

"Sikusema."

"Hata kwa ndugu yako?"

"Hata kwake. Hajui kama uliwahi kuwa na mtoto. Kama atajua, atajua kwako."

Aliinuka, akaenda. Sikujua kama amenielewa au amenichukia. Kwa majuma matatu sikusikia chochote. Mdogo wangu alikuwa hanisemeshi, mama ananisemesha kwa mafumbo, na Jumamosi zangu zilikuwa ndefu mno. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mara mbili nilitoa baiskeli nje, nikairudisha ndani.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Hodi ikabishwa mlangoni mwa ua, na msusi akaingia peke yake, amejifunga khanga vizuri, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Shikamoo, mama."

Mama aliitika marahaba kwa sauti ndogo. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Yeye akakaa mwenyewe kwenye ukingo wa mkeka, kisha akanigeukia. Hakuniita dada.

"Sista, naomba utupishe. Habari hii wewe unaijua."

Nilichukua ndoo, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa, nikaenda kwenye pampu ya jirani. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikatazama watoto wakinyunyiziana maji. Kutoka uani kwetu nilisikia sauti yake, chini, bila maneno ya kushika. Baada ya muda nikasikia mtu analia, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mama. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akilia namna ile, hata baba alipofariki.

Mimi nilijua tu kwamba kati yangu na mdogo wangu kulikuwa na mtoto mwingine ambaye hakuishi. Nyumbani hakutajwa. Kama mama alimtaja siku ile, sijui. Niliporudi na ndoo ya maji tusiyoyahitaji, niliwakuta wamekaa na ungo mmoja kati yao, wanachagua mchele pamoja, macho mekundu.

"Mwandalie mgeni chai," mama aliniambia.

Mdogo wangu aliambiwa na msusi mwenyewe, siku na mahali ambapo ni moja ya yale mawili niliyoambiwa niache. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya siku chache nilimkuta uani ameigeuza baiskeli yangu miguu juu, anaitia mafuta mnyororo, kitu ambacho sikumwomba.

"Nilikuchukia sana," alisema bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Sasa naona ungeniambia, ningekuwa nimelisikia kwa mtu asiyehusika." Akazungusha pedeli, akasikiliza. "Breki zako pia mbovu."

Posa ilikwenda kwenye mashamba ya miwa kwa lori la mpunga. Harusi ilifanyika huko huko, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake. Pilau ilipikwa na majirani Waislamu, kwaya ilitoka makanisa mawili yaliyokuwa hayapatani, na mama yangu, ambaye hakuwahi kucheza mbele za watu, alicheza mpaka kiatu kikachanika.

Nikapata wifi. Alikuwa wifi mzuri, na bado ni. Tulipika pamoja, tuliuguzana, alinibebea mtoto wangu nilipokuja kuolewa na kuzaa. Lakini vile vilindi vya Jumatano saa nne havikurudi. Alikuwa na mazungumzo yake na metroni, akaenda huko karibu mwaka mzima kabla na baada ya harusi, nami nikimwona kwenye benchi nilisalimia, nikapita. Nilimkosa. Ni ajabu kumkosa mtu anayekaa nyumba moja nawe, ila ndivyo ilivyokuwa, na nilijua nani aliyesababisha. Nilitafuta pa kupeleka mambo yangu pengine. Mwenzangu wa Mang'ula na mimi tulianza kukaa na metroni kila Ijumaa saa sita, kabla ya treni yake, kila mmoja akieleza wiki yake ilivyomkalia. Wakati ule hatukuwa na jina la vikao hivyo. Metroni alileta karanga.

Asubuhi moja, mwaka uliofuata, nilitoka chumbani kumwita mteja wangu, nikamkuta mama yangu mzazi kwenye benchi. Amevaa khanga za kanisani. Anatazama barabara kama mtu anayesubiri basi, wala hajali nani anamwona.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Sikuja kwako."

Mlango wa metroni ukafunguliwa, akaingia. Alikaa humo saa nzima. Alipotoka alinipita kama nilivyokuwa nikiwapita watu sokoni, akafungua mwavuli, akaenda zake. Alirudi mara nne au tano. Nyumbani hakusema neno, nami sikuuliza, na si kwa wema. Niliogopa wifi yangu atanisikia nikiuliza mambo ya chumba kile kile.

Mwishoni mwa miaka ile metroni alistaafu, akaamua kurudi kwao Mahenge. Nilimsindikiza mpaka kwenye kivuko cha Kilombero, ambako basi lilisubiri kupakiwa kwenye pantoni. Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na foleni ya malori ilifika mbali. Tulikaa kwenye mizigo yake tukila mihogo ya kukaanga. Aliniachia ufunguo wa kabati la mafaili na karatasi yenye maelekezo, ambayo yote niliyajua.

Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru. Badala yake nilijikuta nasema, "Metroni, mama yangu alipokuwa anakuja kwako..."

Aligeuza uso kwa mwanamke aliyekuwa anapita na kapu kichwani.

"Mwanangu, hao kambale ni wa leo?"

"Wa asubuhi hii, mama."

"Hebu shusha niwaone."

Alichagua kambale watatu kwa uangalifu mkubwa, akiwabonyeza mmoja mmoja, akiwanusa, akiuliza walivuliwa upande gani wa mto. Alipomaliza alinitazama juu ya miwani, akaangua kile kicheko chake, nami nikacheka kwa haya mpaka machozi yakanitoka. Utingo akapiga kelele abiria wapande. Nilimpa mkono kumsaidia kupanda pantoni, nikampa shikamoo ya mwisho, akaitika.

Pantoni ilijivuta taratibu. Alisimama ukingoni na samaki wake kwenye mfuko wa ukindu, akinipungia mkono mpaka nikaona miwani tu ikimetameta. Nikapanda baiskeli nikarudi mjini, maana ilikuwa Jumatano, na kulikuwa na watu wanne wananisubiri.